"Begin" ya Mkulima, "Commence" ya Hakimu

Mwaka 1362 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutaka kesi ziendeshwe kwa Kiingereza. Sababu ilitajwa ndani ya sheria yenyewe: wanaoshtaki na wanaoshtakiwa hawaelewi yanayosemwa kwa niaba yao wala dhidi yao, kwa sababu Kifaransa hakijulikani vya kutosha nchini. Sheria hiyo, ya kuwaokoa watu na Kifaransa, iliandikwa kwa Kifaransa.

Kifaransa kilifikaje huko? Karibu miaka 300 nyuma, mwaka 1066, William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, alivuka mlango wa bahari na jeshi lake, akamshinda mfalme Harold pale Hastings, akajitwalia kiti. Wenzake wakagawana ardhi, wakashika makanisa makubwa, wakashika mahakama. Lugha yao ikawa ya kutawalia, na ile waliyoikuta ikabaki shambani, jikoni na sokoni. Mkulima akianza kuvuna aliendelea kusema "begin", kama babu zake. Aliyekaa mezani kumwandikia hati ya kodi akasema "commence". Kitendo ni kimoja, ila ukisikia neno unajua nani ana jembe na nani ana muhuri.

Mambo haya nisingekuwa na sababu ya kuyafuatilia kama si kazi yangu. Nina steshenari jirani na Mahakama ya Mwanzo. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, naprinti, na kwa wanaohitaji naandika barua na kutafsiri nyaraka, Kiswahili kwenda Kiingereza na Kiingereza kuja Kiswahili. Ukikaa kwenye kiti hiki unagundua kwamba karibu kila karatasi inayoletwa inahusu kuanza jambo: kuanza kazi, kuanza masomo, kufungua kesi, kusajili kikundi, kuzindua mradi, kufunga ndoa. Na kila mtu ana neno lake la Kiingereza analolitaka kwa ajili ya kuanza huko, na halibadilishi hata umwombe vipi.

Hata jina la jirani yangu ni la aina hiyo. Kiingereza kinaiita Primary Court, ya ngazi ya chini, sisi tukaiita Mahakama ya Mwanzo, pale kesi inapoanzia. Humo ndani Kiswahili ndiyo lugha ya siku zote. Ukikata rufaa, kadiri ulivyokuwa unapanda ngazi ndivyo Kiingereza kilivyokuwa kinachukua nafasi, mpaka mwenye kesi anasimama kortini akimtazama wakili wake usoni ili ajue kama wanashinda au wanashindwa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki itakapohitaji. Nikisoma sababu zilizotolewa London mwaka 1362 naona kama zimeandikwa na mtu aliyekaa kwenye benchi la nje hapa jirani.

Waingereza wenyewe hawakumaliza haraka. Baada ya 1362 kumbukumbu za kesi ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na mawakili wakaendelea kung'ang'ania Kifaransa chao kilichochakaa. Ilibidi ije sheria nyingine, ya mwaka 1730, ndipo Kiingereza kikachukua makaratasi yote, kuanzia tarehe 25 Machi 1733. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kwa hesabu yao ya wakati ule, mwaka mpya wa kisheria ulianza 25 Machi. Januari Mosi waliihalalisha kuwa mwanzo wa mwaka mwaka 1752.

Lakini kufukuza lugha si kufukuza maneno yake. "Commence" lilibaki pale pale lilipokuwa limekaa, na limekaa mpaka kwetu. Chukua sheria yoyote ya Tanzania iliyoandikwa kwa Kiingereza, kifungu cha kwanza mara nyingi kinakupa jina lake na "commencement". Kwa Kiswahili tunaandika "kuanza kutumika", yakaisha. Mwanasheria wa Kiingereza hata akiwa na neno moja la kutosha hupenda kuongeza la pili, la kienyeji na la kigeni bega kwa bega: wosia ni "will" na tena ni "testament".

Kiingereza kilipofika huku kwetu kilishuka melini na nani? Na mkuu wa wilaya, hakimu, mmisionari na mwalimu. Mkulima wa Kiingereza hakuja. Kwa hiyo tukapokea lugha kuanzia juu, kabati la ofisini likafunguliwa kwanza, na maneno ya jikoni tukayaokota baadaye kwenye sinema na redio. Mtoto wa London anajua "start" akiwa na miaka miwili, halafu akikutana na "commence" kwenye fomu anaona ni neno la serikali. Wetu wengi wamekutana na Kiingereza kwenye fomu moja kwa moja. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha ule uzito wa barua zetu, na nadhani tunaonewa tunapoambiwa eti tunapenda kujikweza. Tunaandika tulivyopewa.

Kijana mmoja alikuja na barua ya kuomba kazi kwenye flashi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Leta tuone."

Barua yenyewe ilikuwa nzuri, fupi, haina makosa ya kutisha. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba yuko tayari "to commence duties with immediate effect". Nikamwambia angeweza kuandika tu "I can start immediately", na atakayesoma ataelewa na pengine atampenda zaidi.

Akaangalia skrini muda. "Kaka, hiyo start si kama mtoto wa darasa la tatu?"

"Ndivyo wanavyosema wenyewe."

"Wenyewe wana kazi tayari."

Sikuwa na jibu la hapo. Ukweli ni kwamba barua ile ilikuwa inakwenda kwa afisa utumishi wa hapa hapa mjini, aliyejifunza Kiingereza kwenye fomu zilezile. Huko Uingereza, mwaka 1948, mtumishi mstaafu wa serikali aitwaye Ernest Gowers alitoa kitabu kidogo, kwa kuombwa na Wizara ya Fedha, cha kuwafundisha watumishi wenzake kuandika kwa maneno mepesi ili mwananchi aelewe barua anazoandikiwa. Wakati makarani wa London wanahimizwa kuvua maneno ya joho, wa makoloni walikuwa bado wanafundishwa kuyavaa. Barua ya kijana niliiprinti kama ilivyo.

Lakini nisije nikaonekana nalidharau "start". Katika yote, hilo ndilo ninalolipenda, kwa sababu ya historia yake. Zamani halikuwa na maana ya kuanza kabisa. Lilikuwa ni kuruka ghafla, kushtuka, kama anavyofanya paa akisikia kijiti kimevunjika. Maana hiyo bado iko hai, ndiyo maana aliyeshtuliwa anaitwa "startled". Ikaja ikawa kuondoka kwa ghafla, kisha kuondoka safari, kisha kuanza chochote. Zilipokuja mashine likazichukua zote. Injini unai-"start". Ukisema unai-"begin" watakucheka, na ukisema unai-"commence" watadhani unatoa hotuba ya ufunguzi wa injini.

Kwetu gari haianzi wala haianzishwi. Inawashwa, kama moto, na ikigoma fundi anasema piga stata, na ikizidi kugoma tunasukuma. Nimewahi kuletewa karatasi ya maelekezo ya jenereta iliyotafsiriwa na programu ya kompyuta, imeandikwa "Anza jenereta kwa kuvuta kamba". Mwenye jenereta aliniuliza kwa unyenyekevu kabisa kama kuna maneno yameruka katikati. Pikipiki nayo ina kiki, unapiga kwa mguu, na hapo Kiingereza kikapata "kick-start", ambalo siku hizi wanasiasa hulitumia kwa uchumi. Uchumi wa nchi nzima unapigwa kiki. Kwa mtaa wangu sentensi hiyo ina hatari yake, maana kutafuta kiki ni kazi ya wasanii wanaotaka wasemwe mitandaoni.

"Begin" limebaki na heshima ya uzee. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walijua Kilatini, Kigiriki na Kiebrania vizuri kabisa, na walikuwa na "commence" mkononi tangu enzi, lakini mstari wa kwanza wakaandika "In the beginning". Waliomfuata mwanazuoni John Wycliffe, waliotafsiri Biblia kwa Kiingereza katika karne ya 14, nao walikuwa wameandika vivyo hivyo, kwa tahajia yao ya zamani. Nadhani masikio yao yaliwaambia kwamba jambo kubwa kiasi hicho linataka neno la nyumbani. Kitabu chenyewe hata hivyo wakakiacha na jina la Kigiriki, Genesis, ambalo mtoto wa Kiingereza analikariri bila kujua lina maana gani. Wa kwetu anafungua anakuta kimeandikwa Mwanzo, na sentensi yake inaanza "Hapo mwanzo". Hapo naona tumewazidi, na silisemi hili kwa kujipendekeza.

Ndugu wa "commence" ambaye simpendi ni "initiate". Nasema ndugu kwa maana halisi, wote wametoka kwenye Kilatini kimoja chenye maana ya kuingia ndani. Mmoja alipita Ufaransa akachakaa njiani, mwingine alitolewa vitabuni moja kwa moja, baadaye, akiwa bado amepigwa pasi. Maandiko ya miradi yamejaa huyu wa pili. Hakuna anayeanza kuchimba kisima, wote wana-"initiate" mchakato wa upatikanaji wa maji. Nikitafsiri kuja Kiswahili mchakato unabaki, kisima chenyewe hakionekani.

Halafu kuna ndege. "Inaugurate", neno la kumwapisha rais na kufungua daraja, limebeba ndani yake makuhani wa Roma ya kale walioitwa augur. Kazi yao ilikuwa kutazama ndege angani, wanaruka upande gani, wangapi, wanalia vipi, kisha kusema kama miungu imeridhia jambo lianze. Hekaya ya kuanzishwa kwa Roma yenyewe ina kesi ya namna hiyo: Remus aliona tai sita, Romulus akaona kumi na wawili, wakagombania nani ameshinda, aliyewahi kuona au aliyeona wengi, na Remus akauawa. Marekani wanamwapisha rais wao Januari 20 tangu mwaka 1937, kabla ya hapo ilikuwa Machi 4, na siku hiyo bado wanaiita kwa jina la wale watazama ndege. Sisi hapa tunakutana nao kwenye vyeti vya semina. Nalaminisha kila wiki vyeti vilivyoandikwa "under the auspices of", chini yake jina la wizara au shirika. "Auspices" nalo ni kutazama ndege. Mshiriki anapokea cheti, anapiga picha, anaondoka, hajui kwamba siku zote tatu za semina kulikuwa na kunguru wanaoangaliwa kwa niaba yake.

Baharini Kiingereza kilichota kidogo kuliko ningetarajia kwa watu wa kisiwa. "Launch" linatokana na kurusha mkuki, likaja likawa kusukuma chombo majini, sasa ni kuzindua albamu. "Embark" ni kupanda chomboni. Safari ya kwanza ya meli ni "maiden voyage", ya mwanamwali, na iliyolichafulia jina ni Titanic, iliyoondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912. Mbunge mpya naye hutoa "maiden speech", hotuba yake ya kwanza, na desturi ya Uingereza ni kwamba wenzake hawamkatizi. Huo ni upole wa siku moja.

Viwanjani ndiko kuliko na mali. Chukua "from scratch", linalopendwa na kila mfanyabiashara anayesimulia maisha yake. "Scratch" hapa ni mstari uliochorwa chini kwa kijiti au kisigino. Katika mbio za zamani za kuongezana, walio dhaifu walipewa yadi kadhaa mbele, na yule aliye bora kuliko wote alisimama mstarini, bila nyongeza. Aliyeanza "from scratch", basi, alikuwa ni bingwa, mtu ambaye kila mmoja uwanjani anamwogopa kiasi cha kutaka apunguzwe nguvu. Gofu wameitunza maana hiyo, mchezaji wa "scratch" ni yule asiyehitaji kusaidiwa pigo hata moja. Kwa watu wengine neno limegeuka likawa la fukara aliyeanza na mikono mitupu. Tajiri anapokwambia alianza "from scratch" anataka umhurumie na umpigie makofi kwa pamoja, na bila kujua neno lake limemsaliti kidogo.

Mstari huohuo ulikuwepo kwenye ngumi kabla ya glavu. Kanuni za London za mwaka 1838 zilisema aliyeangushwa anapumzika nusu dakika, halafu ana sekunde nane za kutembea mwenyewe, bila kushikwa, mpaka kwenye mstari uliochorwa katikati ya ulingo. Asipofika ameshindwa. Ndiko lilikotoka "come up to scratch", kufikia kiwango. Raundi haikuanza kwa kengele, ilianza kwa mtu aliyevuja damu kuukaribia mstari kwa miguu yake. Nikiletewa ripoti ya ukaguzi inayosema utendaji wa idara fulani "did not come up to scratch", huwa nakiona chumba kizima cha watumishi wakitambaa.

"Kick-off" halina siri, ni mpira. Ila kuna kitu kidogo. Kwa miaka mingi mpira wa kuanzia ilikuwa lazima upigwe mbele, ndiyo maana wachezaji wawili walisimama pale kati, mmoja anamgusia mwenzake kidogo, mwenzake anarudisha nyuma. Kanuni ilibadilishwa mwaka 2016, sasa mpira unapigwa upande wowote, na mtu mmoja anatosha. Mwanzo wa mechi unaweza kuwa pasi ya nyuma na hakuna anayelalamika. Magazeti yetu ya michezo hayahitaji msaada wa Kiingereza hapa. Kiingereza kikisema ligi "kicks off on Saturday", sisi tunasema ligi inaanza kutimua vumbi Jumamosi, au inafungua pazia, au mashindano yanang'oa nanga, hata kama yanachezwa Dodoma. Kutimua vumbi kwenye uwanja wenye nyasi bandia ni kitu ninachokitetea kwa nguvu zangu zote.

Bastola ya kuanzishia mbio imewapa mawili. "Jump the gun" ni kuondoka kabla haijalia, kufanya jambo kabla ya wakati wake. Kanuni ya sasa haina msamaha, kosa la kwanza unatoka nje. Usain Bolt alitolewa hivyo kwenye fainali ya mita 100 ya Mashindano ya Dunia pale Daegu, Korea Kusini, mwaka 2011, akiwa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani. La pili ni "gun to tape", kuongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe, na hilo lina Mtanzania ndani yake. Christchurch, New Zealand, 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakati ule mbio za namna hiyo zilikimbiwa kwa hesabu: unajificha nyuma ya wenzako, unangoja mzunguko wa mwisho, unachomoka. Filbert Bayi hakujificha. Bastola ililia akaondoka, akawaacha mbali mapema, na wote wakadhani ataishiwa. John Walker wa New Zealand alimfukuza mbele ya watu wake mwenyewe, akamkaribia, hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker, aliyeshika nafasi ya pili, naye alikuwa ameivunja ile ya zamani. Kwa Bayi mwanzo haukuwa maandalizi ya mbio, ndizo zilikuwa mbio.

Marekani wana ya kwao yenye maana ya tangu mwanzo kabisa, "right off the bat" la besiboli, na "from the get-go", lililoanza kwa Wamarekani Weusi na kuingia katika maandishi miaka ya 1960, sasa hivi hata mabenki wanalisema. "Break the ice", yaani kuondoa ugeni ili watu waanze kuzungumza, limefika mpaka Pwani yetu kupitia semina zilezile za vyeti: kuvunja barafu ili mashua ipite, na watu wa joto la Tanga wanasimamishwa asubuhi wavunje barafu kwa kutaja chakula wanachokipenda.

Nilikuwa nimejaa mambo haya yote kichwani siku alipokuja mama mmoja na rasimu ya kadi za harusi ya mwanawe. Wakwe wanatoka nje, kwa hiyo kadi ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Niliichapa, nikageuza skrini aione. Sherehe, niliandika, "starts at 7.00 p.m."

"Mwanangu, hapa weka ile ya commence."

"Mama, starts inatosha. Ndivyo wanavyoandika siku hizi."

"Inatosha kwa mpira. Hii ni harusi."

Nikaweka "commences". Akainama akasoma tena, kidole kwenye kioo, akafika kwenye saa akasimama.

"Na pale mwisho ongeza sharp."

"Mama, saa moja kamili watu watakuwa wamefika?"

"Nani kasema wafike?" Akacheka, akafungua pochi ya kulipa. "Weka sharp. Halafu niambie, wino wa dhahabu ni kwa majina tu, au na hiyo commence nayo inaweza kupata?"